Suruali ya Mwoka Mikate

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Ushindi! Mwoka mikate kaja tena kujaribu suruali. Kiuno kinabana. Lazima kibane, nimekibana mwenyewe! Nikamwambia pole baba, rudi keshokutwa. Akasema hata isipokwisha mwaka huu, yeye hana haraka. Akaniachia mkate wa moto. Uso ukaniwaka kuliko huo mkate.
Ila binti yangu asijue. Nina yeye tu. Tangu baba yake aoe kwingine, kaapa kwamba akiingia mwanamume humu ndani, yeye anahamia kwa shangazi yake. Na huyu akisema, kasema.

Jumanne, tarehe 5
Kuna kijana wa darasani kwa binti yangu, golikipa. Kila mara shati lake limekatika kifungo. Kifungo kilekile! Na hataki nimshonee mimi, lazima binti. Naye anakishona taratibuuu, kama gauni la bibi harusi. Shule sikufika mbali, lakini hiyo hesabu naijua. Leo shati limeachwa mezani. Nimekishona upya kwa uzi wa viatu. Hata ng'ombe akivuta, hakitoki!

Jumatano, tarehe 6
Balaa! Mwoka mikate kavaa suruali, imemkaa kama kazaliwa nayo. Nani kalegeza kiuno? Mshono mdogomdogo, safi. Naujua mkono huo, niliufundisha mwenyewe. Binti yuko kwenye pasi, macho chini, mtakatifu!
Mwoka mikate akauliza, kwa sauti ya mgonjwa, kama basi ndiyo imekwisha. Nikasema ndiyo baba, imekwisha. Akaenda. Mkate hakuacha.

Alhamisi, tarehe 7
Nimemnunia binti. Naye kaninunia. Kipa kavuta kifungo mpaka shati limechanika, kifungo chenyewe kizima! Tukala, vijiko tu vinaongea. Mwishowe akaniuliza, eti mama, tangu lini wewe unakosea kiuno? Nikamuuliza tangu lini kifungo kimoja kinashonwa asubuhi nzima? Akaangua kicheko, maji yakamtoka puani. Nami nikashika mbavu.
Kisha akatulia. Akasema suruali aliirekebisha akidhani macho yangu yameanza kuchoka, akaogopa mteja asije akanifokea. Ndipo akauona uso wangu mteja alipoondoka. Akajua. Akasema hajawahi kuniona hivyo, hata kwa baba.
Nikamuuliza, na kwa shangazi je? Akasema kwa shangazi hakuna mkate. Akaniegemea begani kama alipokuwa mdogo. Mtoto mzito siku hizi, bega limekufa ganzi. Sikusogea.
Tukakubaliana. Mwoka mikate aje Jumapili, mlango wa mbele, bila suruali. Yaani bila kisingizio cha suruali, Mungu anisamehe! Kipa naye akae sebuleni, mlango wazi. Na mimi nisichungulie. Nimeapa.

Ijumaa, tarehe 8
Nimekwenda mwenyewe kwa mwoka mikate, na gauni langu la kutokea. Foleni ndefu. Nikamwalika mbele za watu! Akaangusha trei nzima. Mama mmoja nyuma akasema haya dada, umeshampika, tuachie sisi mikate.

Jumapili, tarehe 10
Ushindi mtupu! Binti kamhoji mwoka mikate kama polisi. Anakoroma? Ana mke kamficha wapi? Akikasirika anapiga kelele au ananuna? Mtu wa watu jasho linamtiririka, kajibu yote. Binti akamwongezea nyama bila kuombwa. Kapita!
Sasa Kipa kafika. Wako sebuleni na vitabu vyao, mlango wazi. Nami kiapo changu ni kiapo. Haya nayaandika nimesimama nyuma ya pazia. Sichungulii! Nakagua pindo. Mwoka mikate yuko nyuma ya pazia la pili, anakagua kamba. Nimemnong'oneza avute tumbo ndani, anaonekana.