Chupa Mbili za Glukosi

Jumatatu, 3 Machi
Dharau! Daktari ametazama picha ya tumbo langu na kutamka kwamba ini limeanza kujaa mafuta. Eti nipunguze sukari. Anamwambia nani? Mimi ndiye ninayelea seli za ini maabarani! Mimi ndiye ninayejua kwamba glukosi ikizidi ndani ya seli, protini fulani hukimbilia kwenye kiini na kuziamsha jeni za kutengeneza mafuta. Protini mbea, mfano wa shemeji yangu. Nilimweleza mke wangu kwamba mtaalamu hafundishwi kazi yake. Akajibu mganga hajigangi, akaifungia sukari yote kabatini, akampigia simu mdogo wake. Huyo ndiye shemeji mwenyewe, na kwa bahati mbaya tunafanya kazi meza moja. Kaagizwa anuse kikombe changu.

Jumanne, 4 Machi
Nimewazidi ujanja! Nimenunua sukari, nikaimimina kwenye chupa tupu iliyoandikwa GLUKOSI, nikaiweka rafuni kando ya chupa ya glukosi halisi. Nyeupe kwa nyeupe. Chakula ni marufuku maabarani, lakini nani atashuku? Chai ya saa nne: vijiko vinne, tamu mpaka machozi. Shemeji aliniona nikiibeba, akauliza chupa inakwenda wapi. Nikamjibu inakwenda kupimwa.

Kisha nikaandaa jaribio la Ijumaa: visahani vya seli vyenye glukosi kidogo, na vingine vyenye glukosi ya kumwaga. Wageni wa chuo kikuu wanakuja, na Profesa, mkuu wetu wa maabara, katangaza kwamba atakayewaonyesha jeni zilizoamka vizuri ndiye atakayepewa usimamizi wa chumba cha seli. Miaka yote nakililia chumba hicho! Shemeji naye anakitaka. Kijana wa juzi tu!

Alhamisi, 6 Machi
Hujuma! Jeni za mafuta zimelala fofofo. Visahani vya glukosi nyingi havina tofauti yoyote na vya glukosi kidogo. Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia wazi kuna mkono wa mtu, na mkono huo umevaa saa niliyoinunua mimi siku ya harusi yake. Profesa akaniomba nipunguze sauti. Shemeji, mnafiki mkubwa, akajitolea kunisaidia kutafuta kosa. Kikulacho ki nguoni mwako!

Hata chai imenigeuka tangu jana. Vijiko vilevile, utamu haufiki popote. Nimeongeza viwili.

Ijumaa, 7 Machi
Fedheha! Mbele ya wageni, shemeji kainua chupa niliyolishia seli kwenye mwanga, katumbukiza kibano, katoa jani la chai! Akaeleza, kwa adabu ya kuudhi, kwamba shemeji yake, yaani mimi, kachanganya chupa: seli kazilisha sukari ya chai, na glukosi kainywa mwenyewe. Sukari ya chai, akasema, ni glukosi iliyoshikana na sukari nyingine. Utumbo ndio unaozitenganisha kabla hazijafika kwenye ini, na kisahani hakina utumbo. Ndiyo maana jeni hazikusikia lolote. Wageni wakacheka, wakampigia makofi. Kapewa chumba pamoja na ufunguo wake!

Nyumbani habari zilikuwa zimeshanitangulia. Mke wangu hakugomba. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema anaogopa kuzeeka peke yake. Niliumia, kusema kweli. Angegomba, nami ningegomba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari tangu asubuhi, na hasira imenipa akili. Seli za ini zimeoga sukari ya chai siku nzima, na hakuna hata jeni moja ya mafuta iliyoamka! Wageni wameshuhudia. Shemeji mwenyewe kathibitisha. Sasa daktari ananikataza kwa ushahidi gani? Adui ni glukosi, na hiyo nimemwapia mke wangu kwamba sitaigusa tena. Kafurahi mpaka kanikumbatia, maskini.

Sukari mpya ya chai nimeificha ndani ya kiatu cha mvua. Kikombe kipo mbele yangu, vijiko sita. Eti utumbo! Hayo ni mambo ya watu wa utumbo. Mimi ni mtaalamu wa ini.