Chungu cha Mzazi

Jumapili, 20 Desemba 1998
Tumefika kwa Mama Kibosho kutoka kwetu Pasua, mjini, salama. Salama kwa kutazama tu. Presha yangu iko juu, na daktari kanikataza vitu vitatu sikukuu hii: nyama ya mafuta, chumvi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Yaani kanikataza Krismasi! Nimemwapisha mke wangu Avelina asimwambie mtu. Kwetu mgonjwa hashiki kisu, na mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayemchinja na kumgawa mbuzi. Mdogo wangu Valerian, wa Dar, anakimezea mate kisu hicho tangu baba afariki. Leo kaniuliza mbona nimekonda. Sijakonda! Anapima kaburi.

Jumatatu, 21 Desemba
Ndizi bila chumvi. Maharage bila chumvi. Nimesema sinywi mbege kwa sababu nimeweka nadhiri. Mama akafurahi, akauliza nadhiri ya nini. Nikajibu ni siri yangu na Mungu. Valerian akacheka puani. Mkewe Pamela ni nesi, na ananikagua shingo kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Katumwa huyu.

Jioni, wazo! Mkwe wangu Monica, mke wa kijana wetu Martin, ana kichanga cha wiki mbili. Kila siku Mama anampikia mlaso: damu, maziwa, samli. Chakula cha kumrudishia mtu nguvu. Si nyama. Si mbege. Hautiwi chumvi. Daktari hakuutaja kabisa.

Jumanne, 22 Desemba
Wanawake wamekwenda kukata majani ya ng'ombe. Najua baba mkwe hana shughuli kwenye jiko la mzazi, ndiyo maana nimepitia mlango wa nyuma. Nilionja kijiko. Kisha bakuli. Nguvu papo hapo! Masikio yanavuma, nadhani ndiyo damu inaamka.

Jumatano, 23 Desemba
Mama kagundua chungu kinapungua. Monica analalamika njaa, mtoto analia. Roho imeniuma kidogo. Mama alimshuku paka. Nikamnong'oneza kwamba paka akishiba hafuniki chungu. Ninajisifu bure? Sasa Mama anasema basi ni mtu. Nikagusia, bila kutaja jina, mtu fulani wa Dar mwenye kitambi. Mama akaridhika sana na akili yangu, akaniteua nilinde jiko. Avelina akasema chini kwa chini kwamba fisi kakabidhiwa bucha. Anamsema nani? Nitachunguza.

Alhamisi, 24 Desemba
Nimelinda vizuri. Mabakuli mawili.

Wakati wa chakula cha mchana Mama akatangaza mbele ya wote kwamba asubuhi ametia dawa kwenye mlaso, mizizi ya bibi mmoja wa Uru, maana maziwa ya Monica yanapungua. Eti anayeila, hata awe jiwe, kabla ya kesho atatoa maziwa. Kijiko kikaniponyoka. Valerian akanitazama. Kwa nini anitazame mimi?

Alasiri kifua kinawasha. Titi la kushoto limekuwa kubwa kuliko la kulia. Au lilikuwa hivyo siku zote? Nimevaa koti.

Ijumaa, 25 Desemba. Krismasi
Misa sikusikia neno. Padri alipofika kwa mtoto mchanga na mama yake, nilifunga kifungo cha juu.

Tuliporudi nikamvuta Pamela migombani. Nikamweleza kuna rafiki yangu Pasua, mwanamume, kala dawa ya maziwa kwa bahati mbaya. Je, anaweza kunyonyesha? Pamela hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akauliza kama huyo rafiki anasikia kizunguzungu. Nikasema sana. Akaleta mashine ya presha, akaifunga kwenye mkono wa rafiki yangu, kwa kuwa wangu ndio uliokuwa karibu. Akasoma, akapiga kelele kumwita Mama.

Nimelazwa chumbani. Dirishani nimemwona Valerian akipokea kisu, na nimelia. Mbuzi naye alilia, lakini mimi nililia zaidi. Mama kaniletea uji mtupu. Akasema hakukuwa na mizizi yoyote, dawa ilikuwa mdomoni mwake tu. Alitaka kuona nani atajishika kifua.

Jumamosi, 26 Desemba
Monica kapita mlangoni. Akasema shikamoo baba kwa adabu, huku bakuli kalificha ndani ya kanga. Pamela kasema nikigusa mafuta tena sitaiona Pasaka. Valerian kaniambia pole. Alitabasamu. Nimeliona lile tabasamu.

Nimetafakari kutwa nzima kitandani, na kosa langu nimelijua. Nilikula nyumbani, penye wapelelezi. Mke wa jirani yetu Eliona kajifungua mapacha. Mapacha! Chungu chake lazima kiwe cha watu wawili. Na pale mimi si baba mkwe wa mtu.

Kesho nitakwenda kuwapa hongera. Nitaondoka mapema, kabla Valerian hajapata wazo hilo.