Mimi, Shemeji na Mawe ya Chini ya Bahari

Jumatatu, 4 Mei

Mtaalamu wa miamba anatafuta msaidizi wa kwenda naye milimani kusaka zinki. Nafasi ni moja. Wanaoitaka wawili: mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu. Kwa sasa sote ni waosha mawe. Mashine inachoronga mlima, inaleta vipande virefu vya mviringo, sisi tunavipiga maji na kuvipanga kwenye masanduku. Nimechoka na mpira wa maji! Nataka kofia ngumu na nyundo ya kiunoni. Naiota.

Leo Mtaalamu, mama yule, ametueleza. Hapa palikuwa bahari. Makombe yakazama, tope jeupe likalala juu ya tope jeupe mpaka likawa chokaa. Baadaye sana maji moto ya chumvi yakapanda kutoka chini, yakapenya nyufani na magnesiamu yake, chokaa ikageuka dolomaiti, jiwe lenye vitundu vitundu. Zinki ikaja na maji mengine, ikakuta vitundu, ikakaa. Ukitaka zinki, fuata dolomaiti. Maneno matamu! Akaendelea kufundisha namna ya kupima, lakini mimi nilikuwa bado chini ya bahari, samaki wananipita masikioni.

Jumanne, 5 Mei

Kesho mtihani: kutambua jiwe lipi ni chokaa, lipi ni dolomaiti. Kila mtu safu yake ya masanduku na chupa yake ya tindikali. Nimemwuliza Shemeji, nikijitia hamnazo, mama alisemaje jana. Akasema dondosha tone: chokaa inatoa mapovu papo hapo, dolomaiti inanyamaza. Akataka kuongeza neno kuhusu kukwaruza. Nikamwambia yatosha, mimi si mtoto.

Alipokwenda kula nikamwaga tindikali yake, nikajaza maji. Mawe yake yote yatanyamaza! Atayaita yote dolomaiti na kuumbuka. Kitumbua chake kimeingia mchanga.

Jumatano, 6 Mei

Safu ya Shemeji kimya kabisa. Kaandika dolomaiti kwa chaki kila sanduku. Nimekenua hadi taya zikauma.

Mimi nafanya kazi kwa usafi. Kila jiwe nililikwaruza kwanza kwa kisu, ukatoka unga mwembamba, tone likaangukia hapo. Mapovu! La pili, mapovu. Yote! Yalipanda polepole, madogo madogo, kama pumzi za mtu aliyelala. Nikainama kuyasikiliza. Nadhani nilisinzia. Nilipoamka nikaandika: chokaa tupu.

Mchana Mtaalamu akapiga simu. Kama safu yangu ni chokaa tupu, mashine iondolewe mlima yalikotoka mawe yangu, ipelekwe kwingine. Mashine nzima, kwa neno langu!

Ijumaa, 8 Mei

Nimejipalia makaa. Mtaalamu amekuja mwenyewe na kioo chake cha kukuzia. Kumbe dolomaiti nayo ikiwa unga hutoa mapovu, ndiyo maana unaanza na jiwe ambalo halijakwaruzwa. Anasema alisema Jumatatu. Safu yangu ni dolomaiti mwanzo hadi mwisho, na vitunduni mwake imo zinki, inang'aa rangi ya asali. Nzuri, jamani! Wachorongaji walikwisha kuifungua mashine vipande vipande. Sasa wanairudisha, na wakiniona wanasonya.

Na safu ya Shemeji? Dolomaiti vilevile. Maji yangu yamempa alama zote! Nilitaka kufichua kwamba hakupima kitu, nikaona ningejichongea. Kofia amevalishwa yeye.

Mke wangu alisema kaka yake amestahili. Kisha akanitazama, akanishika mkono. Nililia. Niliitaka sana ile kofia.

Jumapili, 10 Mei

Nimegundua kosa langu. Nilitegemea mawe ya watu. Dolomaiti nitaitengeneza mwenyewe, Mtaalamu aione, anililie!

Chokaa nimeokota nyuma ya ghala. Chumvi ipo jikoni. Magnesiamu imo kwenye vidonge vya kiungulia vya mama mkwe, pakiti inasema hivyo, nimevisaga vyote. Mtaalamu alidai kazi hii huchukua miaka isiyohesabika, lakini yeye hakutaja sufuria yenye mfuniko.

Nimekaa kando ya jiko tangu asubuhi. Maji yanatokota, mvuke unatanda, kuta zimetoweka, nasikia bahari ikirudi taratibu chumba kwa chumba. Nimelitoa jiwe, nikalikwaruza, nikadondosha tone. Mapovu. Nimeongeza chumvi.

Mama mkwe ameingia kuuliza vidonge vyake viko wapi. Nimemwambia nilimwona navyo Shemeji.