Spika za Kusikika Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 6 Oktoba

Naandika mimi Fineasi wa Pangai, mtu ambaye bila yeye kisiwa hiki kingeshachukuliwa na maji zamani. Sijisifu. Nahodha wa meli ya mizigo haingii gatini kabla hajauliza kama nimeamka. Papa niliyempiga kofi kule kwenye mwamba hajarudi mpaka leo, wala mkewe.

Kesho zinafika spika zangu. Mbili, zinanifika kifuani, mtumba safi kutoka Auckland. Zilikuwa za mzee mmoja aliyekufa. Mjane wake amemwambia binamu yangu Maikolo kwamba anaziuza kwa sababu nyumba ina kelele mno tangu mzee afe. Maikolo akauliza kelele gani, na redio imezimwa? Mama wa watu alizisukuma mpaka kizingitini, akafunga mlango na komeo juu. Bei ya kutupa!

Sasa siri, maana daftari halina mdomo. Dada yangu mkubwa, Kalolaine, Jumatatu ijayo anahamia Auckland kwa wanawe. Moja kwa moja. Jumamosi mama yetu anatimiza mwaka kaburini. Dada anataka kitu kimoja tu kabla hajapanda meli: aisikie sauti ya mama. Ipo kaseti. Mama anaimba wimbo wa kanisani, beti tatu, na baada ya ubeti wa pili anakohoa mara mbili. Kaseti ninayo mimi. Lakini dada haji kuketi kwangu kusikiliza. Kaka na dada watu wazima hatukai chini ya paa moja, ndiyo heshima yetu. Hata maneno yetu hupitia kwa binti yake Losaline, mwalimu wa shule, ulimi wembe. Ndiye aliyeniletea ujumbe: mama anasema, mjomba, ungekuwa na kitu chenye sauti kubwa angesikia akiwa barazani kwake, ng'ambo ya barabara.

Nikajibu papo hapo: naagiza spika! Mdomo huu utaniua.

Maana kaseti haina sauti ya mama tena. Imeliwa na chumvi ya bahari. Ndiyo, chumvi.

Lakini akili ni mali. Chochote kipitacho baharini kuja kwetu hufika vipande: vikombe, vioo, meno ya bandia ya mchungaji. Nimemwagiza Maikolo afunge spika kwa gazeti moja tu. Akashangaa kwenye simu: "Gazeti moja? Binamu, hizi ni spika au samaki wa kukaanga?" Nikamwambia mtaalamu haulizwi. Zikifika maiti, nitalia hadharani, na lawama itakuwa ya meli. Dada ataondoka na huruma juu yangu. Nani kama mimi?

Jumanne, 7 Oktoba

Mungu hamtupi mja wake! Folklifti, lile gari la kunyanyua mizigo kwa uma, imetoboa kasha!

Spika ya kulia imepigwa uma katikati ya kifua. Karatasi yake imepasuka, ngumi yangu inapita. Ya kushoto imepondeka pembe, mbao imemeguka kama biskuti. Nililia vizuri sana. Karani wa ghala aliniletea kiti. Nikadai fomu za madhara ya mizigo, nakala tatu, na kalamu. Nikaandika "hasara isiyopimika" na kupiga mstari chini yake.

Jambo moja tu. Dereva wa folklifti alikuwa amevua kofia, kaiweka kifuani. Anasema alipochomoa uma kutoka kwenye kasha, kitu ndani kilikohoa. Mara mbili. Ameshaliomba radhi kasha. Nikamwambia apunguze kunywa kava, kileo chetu cha mizizi, saa za kazi.

Losaline amepeleka habari kwa mama yake. Amerudi akasema mama yake aliingia ndani akafunga dirisha linalotazama kwangu. Hilo halikunipendeza. Lakini ushindi ni ushindi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kepueli! Jirani huyu nilimwombea mabaya miaka yote, leo ananilipa kwa wema.

Yeye ndiye mwenye kipaza sauti cha kijiji, na hutengeneza redio, na hunicheka. Leo asubuhi kaja na bisibisi, kaitwa na Losaline. Kachungulia tundu, kanusa mbao, kasema hizi zinapona. Nikamweleza kwamba spika za daraja hili hazikubali dawa za kienyeji. Akajibu, "Fineasi, kifua ni kifua. Kikitoboka kinashonwa."

Akagema utomvu wa mshelisheli nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, bila ruhusa. Hiyo ndiyo gundi. Akasema sasa anataka kiraka: kitambaa cha gome la mti, lakini chepesi, kilichopigwa na mkono unaojua. Losaline akavuka barabara. Karudi na pindo la kitambaa cha mwisho alichopiga mama yangu kabla hajafa. Lilikuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu. Nikasema si vizuri kumkata marehemu vipandevipande. Losaline akasema, "Bibi mwenyewe angekata, mjomba. Hakuwa mchoyo kama wengine."

Basi spika yangu ya kulia sasa ina kifua cha mama. Kepueli hakutaka hata ahsante. Matusi hayo!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeamshwa na wanawake wanaopiga gome. Ko, ko, ko. Nyundo ya mti juu ya gogo. Mapema vile! Nikatoka na shuka kwenda kuwakemea. Banda lao limefungwa kwa kufuli. Gogo limelala pale, na majani makavu juu yake.

Nikarudi. Ko, ko, ko. Ilikuwa sebuleni kwangu.

Spika hazijaunganishwa na kitu chochote. Hazina hata waya. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti ya kiume: nyamaza! Ikanyamaza papo hapo. Hapo ndipo nilipoogopa. Kitu kisichosikia hakiogopeshi.

Mbwa wangu amehamia kwa Kepueli. Msaliti.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kepueli kaleta amplifaya yake na nyaya. Tumejaribu kwa redio, utabiri wa hali ya bahari. Sauti safi, balaa kubwa! Madirisha yanatetema. Ng'ambo ya barabara nikaona lile dirisha la dada limefunguliwa.

Lakini ya kushoto ikisema "upepo wa kusini mashariki," ya kulia inasema nyuma yake, polepole, "upepo wa kusini mashariki." Kama bikizee anayerudia ujumbe asije akausahau. Kepueli akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akazima redio. Ya kulia ikamalizia peke yake: "mawimbi ya wastani." Kepueli akachukua bisibisi yake akasema ana maharage jikoni. Kepueli hapiki.

Akiwa njiani akapaza sauti: "Kesho utuwekee hiyo kaseti ya mama, Fineasi! Kijiji kizima kinangoja!"

Maji shingoni. Lakini angalieni akili. Kesho ni maombi ya mwaka, watu wengi, chakula kingi. Nikivuta muda mpaka jua lizame, Jumapili inaingia. Na Jumapili hapa kwetu hata kupigilia msumari ni kosa, sembuse spika. Jumatatu meli. Kwisha!

Nyumba inanukia mafuta ya nazi yenye msandali. Mama alijipaka hayo. Nimefungua milango yote, harufu haitoki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimetoa hotuba kaburini kwa muda wa saa mbili na nusu. Nimeanzia kwa babu wa babu. Wazee walisinzia, mchungaji alinivuta mkeka wangu niliojifunga kiunoni kwa heshima, mara tatu. Sikukoma.

Tuliporudi nikachomoa fyuzi ya nyumba yangu, nikatangaza umeme umekatika. Losaline akaja na mikono kiunoni. Akasema Kepueli ana umeme, mchungaji ana umeme, hata banda la nguruwe la Kepueli lina taa. "Umeme nao unakukimbia, mjomba, kama mbwa wako?" Nikamwambia asubiri, fundi yuko njiani.

Dada alikuwa ametoa kiti chake barazani tangu adhuhuri. Amevaa nguo nyeusi na mkeka mkubwa wa msiba. Amekielekeza kiti nyumbani kwangu, mikono mapajani. Hakula. Watu walimpelekea nguruwe na viazi vikuu, vikapoa kando yake. Kila nikichungulia, yuko pale pale. Jua likashuka. Yuko. Kengele ya kanisa ikalia kutukumbusha kesho ni siku gani. Akasimama, akaingia ndani taratibu kama mtu aliyebeba maji.

Kiti amekiacha nje.

Nimeshinda. Kepueli nimemrudishia amplifaya yake. Na kwa usalama zaidi nimezikata nyaya za spika kwa mkasi, zote nne. Sijui kwa nini sijisikii mshindi. Labda nguruwe alikuwa na mafuta mengi.

Jumapili, 12 Oktoba

Jumapili hata kushika kalamu ni kosa. Naandika hivyo hivyo.

Tumetoka kanisani, tumekula chakula kilichookwa shimoni kwa mawe ya moto, kijiji kikalala. Mchana wa Jumapili hapa hata kuku huona haya kuwika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nimejinyoosha juu ya mkeka sebuleni, tumbo juu, jua limejaa ndani.

Kile kiraka kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Kama kifua cha mtu aliyelala. Nikajiambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Kisha mama akaimba.

Si kwa nguvu. Lakini katika kile kimya ilivuka barabara kama harufu ya mkate. Ubeti wa kwanza, wote. Ubeti wa pili, wote. Kupitia mlangoni nikamwona dada ametoka, ameshika nguzo ya baraza. Akakaa kwenye kile kiti chake.

Mama akakohoa. Mara mbili.

Ubeti wa tatu haukuja. Ikaja sauti ya chini, ya karibu, ya kunisemea mimi tu, kama alivyokuwa akiniuliza nikirudi nimechelewa:

"Fineasi. Yule papa, alikuwa hai?"

Nilitoka kwa kuruka dirisha, na mlango uko wazi. Nimekwaruzwa goti. Nilipofika barabarani ndipo ubeti wa tatu ulipoanza, mtamu, mpaka mwisho. Sikuweza kurudi nyuma wala kwenda mbele. Nikabaki katikati ya barabara, sina shati. Dada alikuwa akilia bila sauti. Ulipokwisha akanitazama. Kisha akaniinamishia kichwa. Yeye! Mkubwa wangu! Mimi ndiye wa kuinama mbele yake tangu nizaliwe.

Amedhani nimeivunja Jumapili kwa ajili yake.

Nikaacha adhani. Na mchungaji, ambaye dirisha lake liko hatua kumi kutoka pale, hakufungua pazia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Dada ameondoka. Nilisimama mbali gatini, kama inavyopasa. Amepanda bila kutazama nyuma, mgongo umenyooka kuliko wiki nzima.

Losaline ameniletea mkeka mwembamba, ule bora kuliko yote ya mama yake, ambao nilidhani utakwenda Auckland. Ujumbe: mwambie kaka yangu nimesikia. Basi.

Kisha Losaline akaingia sebuleni bila hodi. Akatazama spika. Akazitazama nyaya nne zilizokatwa, zinaning'inia. Akanitazama goti. Nikaanza kumweleza kwamba teknolojia ya siku hizi haihitaji nyaya. Yule wembe aligusa kile kiraka kwa kidole kimoja, akatoka kinyumenyume, kama tutokavyo mbele ya wakubwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Akili imerudi, na biashara imefunguka!

Kepueli amekuja jioni, mpole, akizungusha kofia. Akauliza kama inawezekana, hivi, baba yake marehemu, kidogo tu, hata akigomba. Nikamwambia kwa mtaalamu kama mimi hakuna kisichowezekana. Alete kitu alichotengeneza baba yake kwa mkono, na nguruwe mmoja aliyenona. Amekubali bila kunicheka! Nimempigia Maikolo aniagizie spika nyingine mbili, za marehemu vilevile, gazeti moja. Maikolo akasema binamu una wazimu. Mwenye wivu hajifichi. Na zile fomu za madhara ya mizigo sijaziondoa. Hasara isiyopimika ni hasara isiyopimika.

Spika ziko kimya, ila kiraka kinapanda na kushuka. Mimi kwa sasa nalala kwa Kepueli, pamoja na mbwa, kwa ajili ya mipango ya biashara.

Kitu kimoja, kwa kuwa daftari halina mdomo. Haikuwa chumvi. Nilitaka kisa changu cha papa kihifadhiwe kwa vizazi, nikachukua kaseti iliyokuwa karibu, nikasimulia juu yake dakika arobaini na tano. Mama alikuwa hai, nje, anapiga gome. Ukisikiliza kwa makini, nyuma ya sauti yangu zinasikika: ko, ko, ko. Hizo ndizo sauti za mama zilizobaki. Nikifika pale ninapompiga papa kofi, nyundo inanyamaza, kama ya mtu aliyesimama kusikiliza.

Papa alikuwa amekufa siku mbili. Alikuwa ananuka.