Ndoo ya Chokaa na Kikohozi Changu

Sapiwi, Bariadi

Ndugu Mtengenezaji wa Filamu,

YAH: KUFEDHEHESHWA NA NDOO YENU

Habari za kazi huko Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya msingi huku Sapiwi. Mwezi uliopita gari la sinema lilituonyesha, kwenye ukuta wa ghala la pamba, filamu yenu ya yule mwanafunzi mtundu, Kachumbari. Kila mwalimu wake akikohoa ili aanze kugomba, Kachumbari anavuta kamba na ndoo ya chokaa inammwagikia mwalimu kichwani. Kijiji kizima kilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu zifuatazo:

1. Yule mwalimu ni mimi. Ana kipara changu na miguu yangu myembamba, na anakohoa kabla ya kusema, kama mimi. Sijawahi kufika Dar es Salaam, kwa hiyo naomba kujua mliniona wapi.

2. Sasa nikikohoa mstarini, wanafunzi wote wanatazama juu. Imebidi niwe nameza kikohozi, na maneno yangu ya nidhamu yanatoka kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki sato.

3. Jambo hili limehamia kwa watu wazima. Kwenye mkutano wa kijiji kuhusu dawa ya pamba nilikohoa kidogo tu, mwenyekiti akasogeza kiti chake pembeni. Jumapili nilikohoa kanisani. Katekista alikatisha somo, akatazama dari, kisha akaendelea.

4. Mke wangu Felisita akinisikia nakohoa mlangoni huniambia nipite tu, leo juu hakuna kitu. Anasema kwa upole, na upole huo ndio unaoniumiza.

5. Baba mkwe wangu, mzee Kija, hakuiona filamu, alisimuliwa. Amekuja kutoka Mwandoya na mbuzi mweusi wa tambiko, akiamini kuna mtu ananiwinda kwa chokaa. Sisi ni Wakatoliki, lakini mbuzi tumemla.

Kwa hiyo naomba mtengeneze filamu nyingine, Kachumbari afagie shule nzima na mwalimu abaki mkavu hadi mwisho. Ikishindikana, mje Sapiwi mtangaze kwa kipaza sauti kwamba yule si mimi.

Nisalimieni mpiga picha, mpishi wenu, na huyo mtoto pia, ingawa simpendi.

Wenu katika kulinda heshima ya ualimu,
Mwl. Januarius Maduhu

N.B. Barua imechelewa kupata mtu wa kuipeleka mjini. Leo asubuhi kikohozi kilinishinda mstarini. Nyanjige wa darasa la tatu, ambaye hajasema neno shuleni tangu mama yake azikwe, alitazama juu, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Nikakohoa tena. Akamwambia mwenzake kwamba ndoo imechelewa.

Maombi yangu yote yaacheni. Mwalimu mkuu amekubali tufunge ndoo juu ya mlango wa darasa la tatu siku ya Ijumaa, na kamba ataishika Nyanjige. Naomba tu mnijibu haraka: ile chokaa mliichanganya na nini, isimwingie mwalimu machoni?