Taa Zote Ziwe Kijani

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Mimi, niitwaye Wangu, naapa kuandika yote, hata yatakayoniaibisha, ingawa sitarajii aibu yoyote.

Habari kubwa! Chuo cha kompyuta ninakosoma likizo hii kitamlipia mwanafunzi mmoja wa darasa letu afanye ule mtihani mgumu wa mitandao, Nairobi, mwezi wa kumi. Mmoja tu. Mwalimu Kosgei anasema wengi hufeli, hata watu wazima wenye kazi zao.

Nimempigia Baba huko Subukia kwa simu ya shangazi yangu, Tata Becky, ninayekaa kwake hapa mjini. Baba huamini kompyuta ni kupiga chapa tu. Alisema nikiipata nafasi hiyo ataniruhusu kusomea mitandao baada ya kidato cha nne. Nisipoipata, ni chuo cha ualimu kama dada zangu wote. Nimekubali papo hapo.

Kizuizi ni kimoja: Falguni. Tunaketi dawati moja. Baba yake ana duka la redio na televisheni, na nyumbani kwao kuna ruta halisi, ile mashine inayopokea ujumbe na kuupeleka mtandao mwingine. Falguni anafanya mazoezi akiwa amevaa ndara. Mimi nina kitabu cha kuazima.

Lakini nina mpango.

Jumanne, 7 Agosti

Nimeigeuza nyumba ya Tata kuwa mtandao. Kila mtu amepewa anwani ya nambari, imeandikwa kwa kalamu nyekundu na kubandikwa mahali pake. Cucu, nyanya yangu, amekuja kutoka Bahati kutibiwa goti, na kutwa hukaa kwenye kiti karibu na mlango akisuka kiondo, kikapu chake cha nyuzi. Basi Cucu ni ruta. Sheria: ujumbe wowote wa kwenda nje lazima upitie kwake.

Asubuhi mtandao ulifanya kazi ajabu. Tata alituma ujumbe kwa Mama Chelangat, jirani, kwamba leo hataweza kwenda kwenye chama chao cha akina mama. Mchana Mama Chelangat akafika na chama kizima, wakiuliza chakula kiko wapi.

Nilichunguza hitilafu. Cucu alikiri bila wasiwasi. Ujumbe wa Tata haukuwa na adabu, kwa hiyo aliutupa na kutuma wake.

Tata amesema nikimpa mtu nambari tena katika nyumba hii, nitamaliza likizo Bahati na ng'ombe. Nimebandua karatasi zote. Hata hivyo, kazi ya ruta nimeielewa kabisa. Na ya Falguni haijawahi kualika mtu.

Jumatano, 8 Agosti

Mpango wa pili. Mtihani unataka mtu ajue kutengeneza waya wa mtandao. Ndani yake mna nyuzi nane za rangi mbalimbali, na lazima zipangwe kwa utaratibu kabla ya kuzitia kwenye plagi. Nilikwenda dukani kwa baba yake Falguni kuomba vipande vilivyobaki. Falguni mwenyewe ndiye aliyenijazia mfuko.

"Chukua zote, Wangu," alisema. "Ukifeli utaanikia nguo."

Nilicheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri. Lakini nimekiweka moyoni.

Alhamisi, 9 Agosti

Msiba. Nimerudi kutoka darasani na kukuta Cucu amezichuna nyaya zote na kuzifuma kwenye kiondo. Chungwa, buluu, kijani, kahawia, zinazunguka tumbo la kiondo kama mkanda. Naapa kusema kweli: ni kiondo kizuri sana. Cucu aliuliza kama naweza kumletea kahawia zaidi.

Sikukata tamaa. Nilimwomba basi afume mstari mmoja kwa utaratibu wa kitabu, niukariri kwa macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa nini uzi wa kijani umewekwa mbali na mwenzake mweupe wa kijani, na buluu zikaingia katikati yao. Nilisema ndivyo wataalamu walivyoamua. Cucu alisema wataalamu hao hawajawahi kusuka kitu, na mstari huo hataufuma.

Darasani leo tumejifunza jambo zuri. Swichi ni kisanduku kinachounganisha kompyuta nyingi. Ukiunganisha swichi mbili kwa nyaya mbili, ujumbe unaweza kuzunguka humo bila kikomo, ukazaana mpaka mtandao ukaanguka. Kwa hiyo swichi ina mlinzi wake ndani, anayelaza waya mmoja. Taa ya waya uliolala huwa rangi ya chungwa. Waya mwingine ukikatika, huo unaamka. Mwalimu alituonyesha pia amri ya kumzima mlinzi, ili tujue tusiyopaswa kufanya. Nimeinakili vizuri.

Ijumaa, 10 Agosti

Mtihani wa kuandika. Mimi na Falguni tumelingana kileleni! Swali la mlinzi nimelijibu kwa ukurasa mzima, na Mwalimu Kosgei akalisomea darasa jibu langu. Kesho ni mtihani wa mikono, huo ndio utakaoamua. Nimemwambia Tata amwambie Baba asinunue fomu za ualimu. Tata amesema nile kwanza.

Jumamosi, 11 Agosti

Niliapa kuandika yote. Naandika.

Kazi: kuunganisha swichi mbili ili kompyuta za upande huu zizungumze na za upande ule. Falguni alianza. Waya mmoja, tayari, kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Zamu yangu, nikatumia nyaya mbili, ili mmoja ukikatika mwingine ushike kazi. Mwalimu Kosgei alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kweli kabisa, niliona! Kisha akatoka kujibu simu.

Nikatazama kazi yangu. Taa zote kijani. Isipokuwa moja, chungwa.

Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeiandika ukurasa mzima. Lakini ilikaa pale kama jino bovu. Niliogopa Mwalimu akirudi atadhani sijamaliza. Falguni alikuwa na kijani tupu! Nikakumbuka ile amri.

Nikaiandika.

Taa zote zikawa kijani. Ilipendeza mno. Kisha zikaanza kupepesa, haraka, haraka zaidi, halafu zote kwa pamoja. Kompyuta ya Falguni ikaganda. Aliniuliza nimegusa nini. Nilimjibu kwamba kila kitu kiko kijani. Karani akauliza kutoka ofisini kwake kama stima, yaani umeme, imepotea. Watu wa maktaba nao wakauliza. Nilikuwa nimesahau kwamba swichi zetu zimeungwa na mtandao wa chuo kizima kwa waya wa ukutani. Mwishowe akatokea mkuu wa chuo, Bwana Kemboi, akiwa ameshika miwani, akisema alikuwa katikati ya barua muhimu.

Mwalimu Kosgei alikuja mbio, akatazama taa, akang'oa waya mmoja. Taa zikatulia. Kila kitu kikarudi.

"Wangu," alisema, "ile taa ya chungwa ndiyo iliyokuwa inatulinda."

Nilisema ndiyo, Mwalimu. Akauliza ni nani aliyenifundisha amri ile. Nikasema ni yeye, Alhamisi. Akatafuta kiti.

Jumatatu, 13 Agosti

Nafasi ni ya Falguni. Nililia chooni, kidogo. Alinifuata, akagonga mlango, akasema wikendi niende kwao nifanye mazoezi na ruta yao, mradi yeye ndiye aguse na mimi niseme. Nimekubali. Ni mpinzani mwenye roho safi, na inachosha.

Jioni nikampigia Baba. Nilimweleza yote. Akauliza kama ni kweli hata mkuu wa chuo alizimika. Nikasema mkuu, karani na maktaba.

"Mtoto mmoja," alisema Baba. "Kwa waya mmoja."

"Nyaya mbili, Baba."

Simu ikawa mbali na mdomo wake kwa muda. Nadhani alikuwa anacheka. Aliporudi alisema fomu za ualimu ameshazinunua, ziko mezani, na kesho niende nyumbani kwa siku moja tuzungumze kabla hajazijaza. Huko si kukataliwa!

Nimefikiri sana. Sasa naona wazi kosa langu lilikuwa nini: ule mtihani ulikuwa wa mitandao midogo. Falguni aliunganisha kompyuta chache. Mimi nilifikia chuo kizima, bila mazoezi, siku ya kwanza. Mtu wa aina yangu anapotezewa wakati kwenye hatua za chini.

Tata ameniazima simu. Huu ndio ujumbe niliomtumia Mwalimu Kosgei sasa hivi, na nimekaa nikiitazama simu:

"Shikamoo Mwalimu, ni Wangu. Nimesoma kwamba kuna mtihani mkubwa kuliko huu. Je, mtu anaweza kufanya ule mkubwa moja kwa moja, bila kupitia mdogo? Tafadhali nijibu leo, Baba ana kalamu."