Maisha ya Baba Mkwe Yapitishwa Kwenye Waya

Jumatano, 5 Machi
Leo nimejitolea mbele ya familia nzima. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, ameandika kitabu cha maisha yake kwenye kompyuta yake kuukuu isiyo na printa. Sasa kioo kinafifia. Kikizima, kitabu ndiyo basi, na Jumapili anataka kuwasomea wanawe. Nikabeba kompyuta yangu na printa yangu hadi kwake. Kompyuta yangu nayo ni ya zamani, lakini si ya zamani vile. Mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wa mke wangu, akauliza kwa nini tusichape upya tu. Kuchapa upya! Nikamhurumia.

Disketi za mzee ni pana na laini. Zangu ni ndogo na ngumu. Nikajaribu kuikunja moja iingie. Mke wangu akaninyang'anya.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeunganisha mashine zote mbili kwa waya. Akili hiyo! Sura ya kwanza ikapita, kwangu ikatokea nyota na alama za kuuliza. Kumbe ya mzee inatuma polepole, yangu inapokea mbiombio. Baba mkwe akachungulia, akauliza kama huo ndio utoto wake. Nikamwambia bado unaiva. Mwanyumba akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Ijumaa, 7 Machi
Kasi nimeisawazisha. Herufi safi kabisa! Nikawaita wote waje kushuhudia. Printa ikachapa mstari wa kwanza. Wa pili ukaja juu yake. Wa tatu juu ya hiyo miwili. Mashine ya mzee, mstari ukiisha, hutoa amri ya kurudi mwanzo tu. Yangu husubiri pia amri ya kushuka, na hakuna aliyeitoa. Utoto, shule, harusi, vyote vikarundikana mahali pamoja hadi karatasi ikatoboka. Baba mkwe akaligusa lile tundu, akasema kwa upole kwamba hapo alikuwa amemwandika marehemu mama yake. Niliona aibu, kweli. Kisha mwanyumba akarudia lile wazo lake, nikapata nafuu ya kukasirika.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu hakuniuliza. Amekaa kwenye kompyuta yangu, anachapa. Mwanyumba anamsomea kutoka kwenye kioo cha mzee, pua karibu igusane nacho. Wamemaliza, kioo kikazima. Kazi ya kitoto. Mimi nilisimamia waya, ingawa haukuwa umechomekwa popote.

Jumapili, 9 Machi
Mzee amesoma. Mama mkwe alilia, na mimi nikalia. Ikaja sura ya wakwe zake wawili. Mmoja, kaandika, ni mtulivu na kazi yake huimaliza. Mwingine ana moyo mzuri sana, ila asiachiwe kitu chenye waya. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi, halafu wote wakanigeukia. Bila shaka walitaka kuona kama nimejawa na kiburi. Nikainamisha kichwa. Maskini mwanyumba, kuaibishwa hivyo mbele ya watoto wake! Nikamnong'oneza asivunjike moyo. Kesho naenda kwake na waya wangu, nikamfundishe.